Mafundi wa Dodoma, 870,000 imenitoka kwa sababu ya maji ya bomba kwenye rejeta!

Wakuu, naandika nikiwa na hasira. Ndani ya miezi mitatu nimetoa 870,000 kwa tatizo ambalo lingeisha kwa 75,000 kama fundi angeangalia ndani ya rejeta kabla ya kunituma dukani.

Gari ni Carina Ti, injini ya 5A, nipo nayo mwaka wa tisa. Naishi Nzuguni, kazi mjini, na mara moja moja nakwenda Mpwapwa kwa mama. Mwezi wa tisa temperecha ikaanza kupanda kila nikikaa kwenye foleni. Nikaipeleka kwa fundi niliyemwamini miaka yote. Hakupima chochote. Alisikiliza injini, akaminya mpira wa juu wa rejeta, akasema mfuniko umechoka. 15,000. Wiki hiyohiyo ikapanda tena. Sasa ikawa pampu ya maji: 85,000 dukani ("OG hii mkuu, unafunga unasahau") na 40,000 ya ufundi. Bado. Mara ya tatu ikawa feni: mota 50,000, na 10,000 ya kuiunga moja kwa moja izunguke muda wote. Bado. Akamalizia kwa kung'oa themostati. "Hii ni ya nchi za baridi, kwa joto la Dodoma haina kazi."

Hapo naomba nikae kidogo, maana najua gari nyingi sana hapa mjini zinatembea bila hicho kidude. Themostati ya injini hizi inaanza kufunguka nyuzi 82. Kabla ya hapo inayazuia maji yasipite kwenye rejeta ili injini ipate joto lake haraka. Ukiitoa, injini inatembea ya baridi kwa muda mrefu, sensa inaiambia kompyuta kwamba injini haijapata moto, na kompyuta inaendelea kuongeza petroli. Mafuta ya 30,000 niliyokuwa nayamaliza Ijumaa yakawa yanaisha Jumatano. Na lita ya Dodoma siyo ya Dar, mnaziona bei kikomo za EWURA, wale wadhibiti wa bei za mafuta, kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, usafirishaji umo humo ndani. Isitoshe, ile ada ya mwaka ya leseni ya gari ilipofutwa 2017, ushuru wa petroli ulipandishwa shilingi 40 kwa lita. Kwa hiyo kila lita inayopotea kwa uzembe wa gereji, na kodi yake nimeilipa.

Ikaja Jumapili moja ya mwezi wa kumi na moja, jua la Dodoma mnalijua. Nimemchukua mama Mpwapwa, Jumatatu ana kliniki ya macho mjini. Tumeshapita Kongwa, hatujafika Mbande, mshale ukagonga juu na mvuke ukatoka kwenye boneti. Mama ana miaka 71. Tulikaa chini ya mbuyu zaidi ya saa mbili tukisubiri gari ya kutuvuta, maji ya kunywa yakatuishia. Nilipofungua mfuniko wa oili nikakuta utando wa rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi imekwenda, maji yameingia kwenye oili.

Gari ikavutwa hadi kwa fundi mwingine, Kizota. Huyu kabla ya kutaja hela alishusha rejeta, akafungua tenki la juu, akaniita niangalie. Vile vijia vyembamba vya maji, zaidi ya nusu vimeziba kwa magamba meupe. Akakwangua na bisibisi, yakadondoka kwenye kiganja chake kama chokaa ya ukutani. Akaniuliza, "Birika la nyumbani ndani likoje?"

Nani Dodoma asiyejua birika lake lilivyo? Maji yetu mengi ni ya visima, vya Mzakwe na vya watu binafsi majumbani, yana madini. Kwenye birika tunayaona. Kwenye rejeta hatuyaoni, na kila gereji niliyopita miaka tisa hii, fundi anachota dumu la maji ya bomba, anamimina, anafunga. Mimi nikaiga, nikawa naongeza hayohayo nyumbani. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia niweke kulanti, ile dawa ya rejeta ya kupozea injini. Kulanti inazuia kutu na magamba, na inafanya maji yachelewe kuchemka. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, maji matupu kwenye sufuria yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Injini za hapa zinaihitaji kuliko za Dar!

Hesabu: ubahatishaji wa kwanza 200,000. Gasketi seti nzima, kusawazisha hedi kwenye mashine, oili, filta na ufundi, 435,000. Rejeta nyingine, themostati mpya na kulanti, 235,000. Na ile pampu ya "OG" fundi wa Kizota aliikuta tayari inavuja kwenye sili. Nikairudisha dukani na boksi lake. Nikaonyeshwa maandishi kwenye risiti: mali ikishauzwa hairudishwi. Risiti yenyewe ya kuandikwa kwa mkono.

Msije hapa kuniambia niuze ninunue nyingine. Ukiagiza gari iliyozidi miaka kumi unabeba ushuru wa uchakavu wa 30% juu ya kodi nyingine, na hiyo mpya utaipeleka kwa mafundi walewale na dumu lilelile. Hii gari ikiwa na maji sahihi haina shida. Bima ndogo 118,000 nalipa kila mwaka, tairi nabadilisha kwa wakati, bushi na shokapu najua barabara za mitaani zinakula, hizo sijawahi kulalamika. Ninachokataa ni kulipia kubahatisha. Fundi akikosea, spea nalipa mimi, ufundi nalipa mimi, na anayekaa juani na mama yake ni mimi.

Nilimrudia fundi wa kwanza, nikamwonyesha lile gamba nililolifunga kwenye karatasi. Akasema, "Gari za zamani ndivyo zilivyo, bro." Nikamwomba basi anirudishie themostati yangu. Hajui iliko.

Wadau wa Dodoma, nani ana fundi anayepima presha ya rejeta kabla ya kukutuma dukani? Wekeni eneo tu. Na wewe mwenye gari unayesoma hapa, kesho asubuhi injini ikiwa ya baridi fungua mfuniko wa rejeta, ingiza kidole, kisha uje useme umekuta rangi gani.