Ripoti inasema jeni ni nzima. Sasa kidole gumba cha pili kimetoka wapi?

Fundi_Saa:
Wakuu, habari zenu. Mimi ni fundi saa, biolojia yangu iliishia sekondari, kwa hiyo mnijibu taratibu.

Mwanangu wa kwanza amezaliwa na vidole gumba viwili mkono wa kulia. Si kile kinyama kinachoning'inia pembeni ya kidole cha mwisho. Hiki ni kidole kamili, kina mfupa na kucha. Daktari wa mifupa ametutuliza, kwa hiyo upasuaji haunikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni karatasi ya vipimo vya jeni.

Nimeisoma mara tano. Inasema kwenye kromosomu ya 7 kuna herufi moja ya DNA iliyobadilika. Herufi hiyo imo ndani ya jeni inayoitwa LMBR1, lakini LMBR1 haina hatia. Jeni inayohusika na kidole cha ziada ni nyingine, SHH, iko karibu herufi milioni moja kutoka hapo, na SHH yenyewe ni nzima kabisa. Tena mtoto amerithi herufi hiyo kwangu mimi, mwenye vidole kumi.

Kwenye saa, jino la gurudumu likivunjika linakwama gurudumu linaloshikana nalo. Haikwami saa ya jirani. Nani anieleze?

Kipanga88:
Hongera kwa mtoto mkuu. Mimi naona hiyo ni DNA taka tu. Herufi zinazotengeneza protini kwa binadamu hazifiki hata 2 kwa 100, zilizobaki ni mabaki ya zama na zama. Maabara wamebahatisha. Rudia vipimo.

KiiniMacho:
Usirudie, Fundi. Jibu walilokupa ni sahihi, wamekosa tu wa kulifafanua.

Nafanya kazi kwenye maabara inayochunguza namna kromosomu zinavyojikunja, na mahali ilipo herufi yako napafahamu vizuri. Panaitwa ZRS. Ni kipande cha herufi kama 800 kilichojilalia ndani ya LMBR1 kama mpangaji asiyejuana na mwenye nyumba. Kazi yake ni swichi: kuiwasha SHH wakati kiinitete kinachipua mikono na miguu. Mwaka 2003 kikundi cha Edinburgh, akina Laura Lettice na Robert Hill, kilionyesha kwamba familia zenye vidole vya ziada upande wa gumba zina herufi zilizobadilika hapo hapo. Hata wale paka wa Key West, Florida, wenye vidole vya ziada, kosa lao liko kwenye swichi hii.

SHH (jina lake refu, Sonic hedgehog, ni la yule kalunguyeye wa mchezo wa video, msinilaumu mimi) inatoa protini inayoliambia chipukizi la mkono kidole cha mwisho kikae upande gani. Kwa kawaida huwaka upande huo peke yake. Swichi ya mwanao imelegea kidogo, ikaiwasha na upande wa gumba. Protini haina kasoro yoyote, ila imetolewa mahali ambapo haikutakiwa.

Kipanga, ile 2 kwa 100 ni kweli. Kuhusu "taka": mwaka 2016 watafiti waliondoa ZRS ya panya wakaweka ya chatu. Panya wakazaliwa na vigutu. Walipoweka ya binadamu, miguu ikatoka kama kawaida.

Sasa umbali, maana hapo ndipo mshahara wangu unapotoka. Herufi milioni moja ukizinyoosha ni kama theluthi ya milimita. Kiini cha seli upana wake ni kama sehemu moja ya mia ya milimita. Maana yake uzi huo haujawahi kunyooka, hauna pa kunyookea. Ndani ya kila kiini mna DNA ya mita mbili hivi. Kwanza uzi unazungushwa kwenye vigurudumu vya protini viitwavyo histoni, herufi 147 kwa kila kigurudumu. Kisha inakuja kohesini, protini yenye umbo la pete. Inashika uzi na kuuvuta, kitanzi kinakua na kukua, mpaka ikutane na protini nyingine, CTCF, iliyokaa kwenye uzi ikiwa imeelekea ndani ya kitanzi. Hapo inakwama. Sehemu mbili zilizokuwa mbalimbali zinajikuta bega kwa bega. Kwa hiyo Fundi, ile saa ya jirani kumbe imo kwenye kasha moja na yako.

Mwaka 2018 watu wa Delft, Uholanzi, walionyesha video ya kondensini ya hamira, ndugu yake kohesini, ikivuta uzi namna hiyo, kasi ikafika herufi 1,500 kwa sekunde. Mimi nilikuwa nikilisimulia jambo hilo kwa wanafunzi kama nadharia. Siku hiyo niliitazama tena na tena hadi nikasahau sampuli kwenye mashine, zikaharibika.

Tunajuaje nini kiko karibu na nini? Tunagandisha seli kwa fomaldehaidi (harufu yake haizoeleki), tunakata DNA kwa kimeng'enya, tunaunganisha ncha zilizo karibukaribu, tunasoma herufi, halafu tunahesabu. Ni kama kuwagandisha watu ukumbini ghafla na kuandika nani alikuwa amesimama na nani. Ramani ya kwanza ya kromosomu zote za binadamu kwa njia hii ilitoka 2009. Kwenye ramani hiyo sehemu zinazokutana mara kwa mara huonekana kama pembetatu, na SHH na ZRS zimo ndani ya pembetatu moja, dhahiri kabisa.

Mbishi_wa_Takwimu:
Umeeleza vizuri ila kitanzi umekipa sifa kuliko kazi yake. Mwaka 2017 waliiondoa kohesini kwenye seli, vitanzi vikapotea, na jeni nyingi zikaendelea karibu kama kawaida. Na 2019 kuna panya walioondolewa sehemu za CTCF karibu na ZRS hiyo hiyo. SHH ikapungua kama nusu. Vidole? Vyote vilikuwepo.

KiiniMacho:
Kweli, na hilo ndilo tunalogombania kila mkutano wa maabara. Ila malizia habari ya panya hao: swichi yenyewe ilipodhoofishwa pia, viungo viliharibika vibaya. Mimi nalisoma hivi: kitanzi ni akiba. Swichi ikiwa na nguvu hutaona pengo lake, ikidhoofika utaliona. Kwenye seli zinazokua bakulini hakuna mkono wa kuota, kwa hiyo jaribio la 2017 halinitoshi kusema vitanzi ni mapambo. Wewe unaona vingine, najua.

Mbishi_wa_Takwimu:
Naona vingine. Ila "akiba" nimelikubali, nitaliiba.

Fundi_Saa:
Asanteni sana, hasa hapo kwenye kasha moja. Maswali mawili. Mtoto wa pili je? Na mimi nimenusurikaje?

KiiniMacho:
Kwa kila ujauzito, uwezekano wa kurithi herufi hiyo ni nusu kwa nusu. Mtoto atatokaje nayo ni jambo jingine, kwa sababu ndani ya familia moja mmoja hupata kidole kizima na mwingine dalili ndogo tu. Ongeeni na mshauri wa mambo ya jeni hospitalini.

Kuhusu kunusurika, sina uhakika kama umenusurika. Kidole gumba huwa na pingili mbili, vidole vingine tatu tatu. Zako umezihesabu?

Fundi_Saa:
Nimezihesabu. Halafu nikamwita mke wangu azihesabu na yeye. Gumba la kulia pingili mbili. La kushoto lina mikunjo miwili, pingili tatu, ya katikati fupi kama punje. Hilo ndilo ninaloshikia kasha la saa chini ya lenzi, kutwa, miaka yote hii.