Mjadala: Oda zikiwa ndogondogo, kiwanda kinunue mitambo ya kompyuta au kianze na mafundi?

Wakuu, nawasalimu. Kila kikao cha wenye viwanda siku hizi utasikia lilelile: nunueni mitambo inayoongozwa na kompyuta, leo itoe bidhaa hii, kesho ile, bila kubomoa laini nzima. Sina ugomvi na mitambo. Ninachopinga ni kuanza na kununua.

Chukua kiwanda cha plastiki. Oda ya ndoo imeisha, sasa ni zamu ya vifuniko. Mashine inazimwa, ndipo mtu anatumwa stoo kutafuta moldi, lile umbo la chuma linaloipa plastiki sura yake. Winchi iko upande wa pili. Spana iliyopo haiingii kwenye bolti. Moldi ikishafungwa, vifuniko vya kwanza vinatoka na mabaka ya rangi ya ndoo, vinarudi kusagwa. Shifti imekwisha. Weka hapo mtambo wa bei yoyote, stoo ni ileile na spana ni ileile.

Toyota mwaka 1969 walikuwa na preshi, mashine ya kukandamiza bati, yenye nguvu ya tani 1,000, iliyochukua saa 4 kubadilishiwa vifaa vya kuumbia bati. Mhandisi Mjapani Shigeo Shingo hakuagiza preshi nyingine. Alitenga kazi zinazoweza kufanywa mashine ikiwa bado inakwenda na zile ambazo lazima izimwe kwanza. Muda ukashuka hadi saa moja na nusu, kisha dakika 3.

Na walionunua kwanza? Mwaka 1986 Ramchandran Jaikumar wa Chuo Kikuu cha Harvard alilinganisha mifumo ya mitambo ya kompyuta Marekani na Japani. Mitambo ilifanana, lakini mfumo mmoja Marekani ulitoa wastani wa aina 10 za vipuri, Japani 93. Yaani Wamarekani walilipia wepesi wa kubadilika, halafu wakautumia kutengeneza vitu vilevile.

Karibuni mnipinge.

Mwenye karakana: Mkuu, wewe hujawahi kuachwa na fundi. Yule anayejua kila mashine akipata nyongeza kwa jirani, anaondoka na ujuzi wote kichwani. Programu haihami. Halafu mteja wa vipuri anataka kipimo kilekile, cha kwanza hadi cha elfu, hajali fundi aliamkaje. Mimi nitakopa ninunue.

Mshonaji: Mbona hamuitaji Kitui, kule Kenya? KICOTEC, kiwanda cha kaunti, kilikuwa kinashona sare. Korona ilipoingia 2020 kikageukia barakoa kwa cherehani na mafundi walewale. Hakuna roboti iliyohusika. Na hizo ajira mnazotaka kuzipeleka kwenye kompyuta, nani atazirudisha?

Mwenye karakana: Barakoa ni kitambaa na kamba, dada yangu. Nishonee gia basi.

Mleta mada: Hapo kwenye gia nakubali, cherehani haifiki. Lakini ndugu mwenye karakana, fundi mwenye kila kitu kichwani ni kwa sababu hakuna aliyemwambia aandike. Hata hiyo programu mtu ataiandika na kuirekebisha. Akihama huyo, utakopa tena? Kabla hujaenda benki, tuwekee hapa mashine yako hulala muda gani kutoka kipuri kimoja hadi kingine, na nusu ya muda huo inaliwa na nini. Kama ni kusubiri spana, mkopo wa nini?