Siri ya familia kwenye riwaya ya vijana: Virginia 1959 au Cape Town 1966?

Wino_Mzito: Wadau, tulinganishe. Msimulizi ni binti wa miaka 16, familia inaishi kama Wazungu ilhali bibi mzaa mama alizaliwa mweusi. Siri inafumuka katikati ya kitabu. Mandhari ipi inambana zaidi, Virginia ya Marekani au Cape Town ya makaburu?

KaraniMkongwe: Virginia, tena wilaya ya Prince Edward. Mwaka 1959 wakubwa wa wilaya waliona bora wazifunge shule zote za umma kuliko kuwachanganya watoto. Zikaja kufunguliwa 1964. Wazungu wakaanzishiwa shule binafsi, watoto wengi weusi wakabaki nyumbani. Siri ikivuja Ijumaa, Jumatatu binti hana darasa. Msomaji wa miaka 14 hahitaji maelezo zaidi ya hapo.

Halafu kuna sheria ya Virginia ya 1924: Mzungu ni yule asiye na chembe ya damu nyingine, isipokuwa ya Wahindi Wekundu isiyozidi 1/16. Maana yake ndoa ya wazazi wake ni jinai, kifungo mwaka 1 hadi 5. Mahakama ya Juu ya Marekani iliitengua Juni 1967, kwa hiyo mwaka 1959 hofu bado mbichi.

Mswada_Safi: Sawa mkuu, ila kuna mtego. Waandishi hupenda binti aikute siri kwenye sensa. Hapo mswada unakufa. Sensa za Marekani hufungiwa miaka 72. Ya 1920 ilifunguliwa 1992. Ukiing'ang'ania, mpe kazi hiyo mjukuu wa siku hizi: 1920 karani kamwandika bibi "Mu", yaani chotara, na 1930, alama hiyo ikiwa imeshaondolewa, bibi yuleyule anatokea "W", yaani Mzungu. Herufi moja inabeba sura nzima.

Kwa 1959 tumia cheti cha kuzaliwa. Walter Plecker, msajili wa jimbo 1912 hadi 1946, alikuwa akiweka onyo nyuma ya vyeti vya watu aliowatilia shaka. Binti anakigeuza tu.

Kusi_na_Kaskazi: Mimi naenda Cape Town. Virginia siri inatolewa na karatasi. Huku inatolewa na jirani. Sheria ya 1950 ya kusajili watu kwa rangi ilimruhusu hata mtu baki kupinga rangi uliyoandikiwa, na kipimo kilikuwa sura yako na jinsi watu wanavyokuchukulia. Ndugu wa tumbo moja waliweza kuangukia makundi mawili, na sheria ya maeneo, iliyogawa mitaa kwa rangi, ikawatenganisha. Kila anayekuja kunywa chai anakuwa mshukiwa, na hilo ndilo tamu kwa riwaya.

Makosa ya kuepuka: usimpe chotara "dompas", kile kitabu cha pasi, kilikuwa cha Waafrika weusi kuanzia miaka 16. Na jaribio la kuchomeka penseli kwenye nywele kuona kama itanasa halikuwa kifungu cha sheria, bali mazoea ya maafisa. Liwe tukio fupi, lisiwe kilele.

KaraniMkongwe: Hoja ya jirani nimeikubali. Ila ukichagua District Six, mtaa wa Cape Town, angalia kalenda. Ilitangazwa eneo la Wazungu Februari 11, 1966, lakini kuhamisha watu, zaidi ya 60,000, kulichukua miaka. Tingatinga likiingia kesho yake, umeharibu.

Wino_Mzito: Basi Cape Town. Anayepeleka pingamizi kwa msajili nitamfanya mama mdogo wa binti, si jirani.

Mswada_Safi: Mama mdogo hapana. Bodi ya kusikiliza pingamizi ikianza kuchimba ukoo, naye anachimbwa. Labda awe wifi wa mama, yaani shangazi wa binti.