Ukoo wa Konde 🌿

Da Mwana 9:12
Asalaam aleikum nyote. Mtoto wa Salma jana alaasiri kachomwa mguuni na sindano, bomba lilikuwa chini ya jamvi la karafuu pale uwanjani na la nani mnajua. Salma nasikia kampaka mafuta ya taa akamlaza. Simu hapokei. Salma muoshe kwa maji na sabuni umpeleke hospitali LEO, kuna dawa za kuzuia ukimwi, mwisho masaa 72 na mapema ndo bora

Ami Hamad 10:40
Waaleikum salaam. Ijumaa njema

Sule 11:05
karafuu zenyewe zishakauka? 😂

Da Mwana 11:06
Sule tafadhali

Sule 11:09
haya basi ila ukimwi Pemba uko wapi dada

Da Mwana 11:15
Kwa wengine hapa Zanzibar haufiki 1 kwa 100. Wanaojidunga unga walipimwa Unguja 2012 wakakutwa 11 kwa 100

Salma 13:30
Sikuwa na chaji. Damu ilitoka kidogo tu. Nkenda wataniuliza sindano ya nani, nimtaje kaka yangu?

Da Mwana 13:32
Humtaji mtu. Sema kachomwa na sindano iliyotumika basi. Watampima, akiwa hana virusi atameza dawa siku 28 asiruke hata moja. Na kaka yako Ramadhani nlimuuliza, jua kali yeye kavaa mikono mirefu, akanambia bomba moja wanajidunga watatu kule maskani. Hajapimwa hata siku moja. Metadoni, dawa ya kumsaidia mtu kuacha unga, iko hospitali ya Kidongo Chekundu, unainywa pale pale kila siku kwa hivo lazima akae Unguja. Nani ana chumba?

Da Mwana 15:20
Tiki za buluu naziona jamani

Ami Hamad 15:48
Mie nlimpa chumba akaniuzia feni na tivi. Na zile pesa za karafuu za marehemu mlosema za kumtibu, nani kazila?

Da Mwana 15:49
Ami si leo

Bibi 16:10
(naandika mie mjukuu, bibi yuko hapa) Bibi anasema: Huyu Ramadhani nimemlea kwa mikono yangu, sitaki nije kumuoshea maiti. Salma inuka sasa hivi. Hamad, feni yako ntakulipa mie.

Ami Hamad 16:31
Mama nisamehe

Salma 16:40
Nshapanda gari ya Wete. Analia mguu umevimba

Da Mwana 16:41
Alhamdulillah. Nauli ya boti natoa mie. Ami, chumba?

Ami Hamad 19:05
Ntaongea na mke wangu

Sule 21:22
mwenyewe kaulizwa lakini kama anataka kwenda?