Nimewekwa kwenye kamati ya ukarabati wa kituo cha treni ya mjini. Nikague nini?

Mama Vitenge

Wakuu habari za leo, wakubwa zangu shikamooni.

Nauza vitenge Kariakoo, nyumbani ni upande wa reli iendayo Pugu. Treni ndiyo daladala yangu, hizi treni za mjini zilizoanza Dar Oktoba 2012, watu wakazibatiza "treni ya Mwakyembe" kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Asubuhi nashuka Stesheni, natembea mpaka dukani, jioni narudi hivyo hivyo.

Sasa kuna kituo kimoja njiani kinataka kukarabatiwa (jina la kituo tuliache, majirani wanasoma humu). Mwenyekiti wa mtaa kachomeka jina langu kwenye kamati ya kufuatilia kazi, kiti cha abiria. Tuko sita, na anayepanda treni kila siku ni mimi tu. Kikao cha kwanza tukaonyeshwa mchoro: paa, mabenchi, taa, choo, kibanda cha tiketi, kuta za rangi ya buluu. Mhandisi kijana mpole kabisa akasema, "Maswali karibuni." Watatu wakauliza rangi. Mimi nikauliza mabenchi ni mangapi, nikajiona nimetoa hoja nzito, nikakaa.

Usiku nikajisuta. Benchi! Saa kumi na mbili asubuhi nani anakaa benchi? Wote tunasimama tumebana mikoba kifuani, macho kwenye reli.

Swali langu: mtu ambaye hajasomea ujenzi ashike kitu gani hasa? Sitaki kuwa mjumbe wa kunywa soda na kusaini mahudhurio.

Mtoto wa Temeke

Hongera dada. Mimi nakwambia choo. Siku ya uzinduzi kina maji, wiki ya tatu kina kufuli. Uliza mapema, tena iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao: ufunguo anakaa nao nani, na bili ya maji analipa nani. Wakitazamana, jua hicho choo ni picha.

Pili, kwa nini wasiazime mabehewa ya TAZARA, ile reli ya kwenda Zambia, waunganishe na haya? Msongamano ungeisha kesho.

Mzee Filimbi

Marahaba mama. Mimi ni mstaafu wa reli. Nilipita Chuo cha Reli Tabora, nikawa stesheni masta, nikamalizia ukaguzi wa usafirishaji. Nitaandika kirefu maana wajukuu zangu hawataki tena kusikia habari za mataruma, yale yanayolazwa chini ya reli kuibeba.

Nianze na wa Temeke. Reli ya Kati, hii anayopanda mama, ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. TAZARA ni 1,067. Tofauti ni milimita 67, vidole vyako vinne ukivibana, na kwa ajili ya vidole hivyo vinne behewa la huku haliendi kule. SGR, ile reli mpya ya kisasa, nayo ni 1,435. Dar tuna reli za aina tatu ndani ya mji mmoja, kwa hiyo neno "azima" lifute.

Sasa mama. Kabla ya kukagua kituo, kagua treni inafanya nini ikifika kituoni. Nenda asubuhi na simu yako. Gurudumu likisimama, bonyeza saa. Likianza kuzunguka, bonyeza tena. Fanya hivyo siku tano mfululizo na uandike kwenye daftari. Sekunde hizo ndizo kituo. Rangi ya buluu ni nguo tu.

Hesabu ya sokoni: tuseme njiani kuna vituo kumi, na kila kimoja kinakula nusu dakika ya bure kwa watu kugombea mlango. Dakika tano kwenda, tano kurudi. Na njia yetu ni moja. Treni mbili zinaweza kupishana pale tu palipo na njia ya kupishania, kwa hiyo ya kwako ikichelewa dakika tano, mwenzake aliyewekwa pembeni kuisubiri naye kachelewa dakika tano, na abiria wake hawajui hata kosa lao. Nimekaa kwenye stesheni hizo na bendera mkononi, nikitukanwa kwa sababu ya mlango uliokwama vituo vinne nyuma.

Watu wanakwama mlangoni kwa nini? Mara nyingi ni kimo. Mama mwenye ndoo ya samaki kichwani na mtoto mgongoni akikuta ngazi ya kwanza iko gotini, anashusha ndoo, anampa mtu, anapanda, anaipokea. Nyuma yake wamesimama watu ishirini. Platifomu, ile sakafu ya kupandia treni, ikiwa na kimo chake, anaingia kama anaingia sebuleni.

Hapo kwenye kimo ndipo unapodanganywa, hata na mtu asiyekusudia kukudanganya. Fundi atapima kutoka ardhini. Mkatalie. Kimo cha platifomu hupimwa kutoka juu ya chuma cha reli, kwa sababu gurudumu linakaa juu ya chuma, halikai kwenye mchanga. Halafu chuma chenyewe hakitulii. Kila genge la reli likija kuongeza kokoto na kuzishindilia, reli inanyanyuka kidogo. Miaka ikipita, platifomu iliyokuwa sawa inaonekana imezama, kumbe yenyewe haijasogea hata nukta. Kwa hiyo kikao kijacho uliza swali moja tu: kokoto zinashindiliwa kabla zege la platifomu halijamwagwa, au baada? Utaona nani anakohoa.

Kituo kikiwa kwenye kona, uliza na pengo. Kwenye kona reli ya nje huinuliwa kuliko ya ndani, behewa linalala upande, na nafasi kati ya ngazi na ukingo haiwi ile iliyo kwenye mchoro.

Urefu nao. Hesabu mabehewa ya treni ndefu kuliko zote zinazosimama hapo, kisha tembea platifomu mwanzo hadi mwisho. La mwisho likiangukia majanini, watu watalikimbia na kujazana ya mbele.

Nikuambie na aibu yangu. Miaka mingi iliyopita nilitumwa kupokea platifomu ya kituo kidogo bara. Kiangazi, jua kali, zege jeupe linang'aa. Nikapima kimo, sawa. Urefu, sawa. Pilau ilikuwa tayari chini ya mwembe, harufu inafika mpaka kwenye reli. Nikasaini. Masika ilipoingia, maji yote ya platifomu yakamiminika relini, yakachota tope chini ya mataruma, na treni zikawekewa amri ya kupita pale pole pole. Mteremko ulielekea relini badala ya kuelekea nyuma. Ndoo moja ya maji ingenionyesha kwa dakika moja. Kosa lilikuwa langu, sahihi ni yangu, na pilau niliila mimi. Hata mzigo wenye magurudumu, au kiti cha mgonjwa, ukiachiwa kwenye mteremko wa namna ile unakwenda wenyewe kwenye reli. Hilo bado linanikosesha usingizi, ingawa ashukuriwe Mungu halikutokea.

Basi siku ya makabidhiano nenda na ndoo yako.

Tena uliza mkataba una kipindi cha matazamio, yaani muda ambao mkandarasi bado anawajibika kurekebisha kasoro, cha urefu gani, na mkandarasi anazuiliwa fedha kiasi gani hadi kipindi hicho kiishe. Kisichoonja masika kisihesabiwe kimekaguliwa.

Na kupima karibu na reli usiende peke yako. Mwombe mtu wa kituo asimame nawe.

Zenj wa Leyton

Assalaam aleikum jamaa. Mimi niko London mashariki, napanda ile ya Gospel Oak kwenda Barking. Mzee Filimbi kasema kweli tupu, miye naongeza la usimamizi.

Njia hizi zilikuwa chini ya kampuni ya Silverlink. Novemba 2007 mamlaka ya usafiri ya jiji, TfL, ikazichukua ikaziita London Overground. Hawakuanza na treni mpya, maana hizo zilianza kuja 2009. Walianza na watu: kila kituo kiwe na mtumishi wakati wote treni zinapotembea. Wakasafisha, wakatia taa na kamera. Abiria alihisi mabadiliko akiwa angali ndani ya mabehewa ya zamani.

Treni mpya zilipokuja viti vikapangwa ubavuni, watu wametazamana, katikati peupe pa kusimama, na unaweza kutembea toka behewa la kwanza mpaka la mwisho. Hiyo ni hesabu ya mzee ya mlangoni. Mabehewa yakawa matatu, kisha manne, baadaye matano kwenye njia kadhaa. Sasa vituo vingine vya chini ya ardhi kama Wapping na Rotherhithe platifomu haziwezi kurefushwa, ikabidi milango ya baadhi ya mabehewa isifunguliwe pale, na abiria hutangaziwa mapema asogee. La majanini hata huku lipo.

Tena mkataba. Mwendeshaji halipwi kwa kujaza watu. Nauli karibu yote inakwenda TfL, yeye analipwa kwa kazi, anapunguziwa akichelewesha treni au akiacha kituo kichafu. Dada, uliza hilo: baada ya rangi kukauka, nani atakatwa pesa taa ikizimika?

Na msione huku hakuna makosa. Njia yangu ilifungwa Juni 2016 kuwekewa umeme, ikafunguliwa Februari 2017 kazi haijakwisha, ikafungwa tena. Baadhi ya nguzo za waya ilibidi zisanifiwe upya. Treni ya umeme ya abiria tumeipata Mei 2019.

Wanjiru_Syoki

Majirani hamjambo? Hapa Nairobi stesheni ya Syokimau ilifunguliwa Novemba 2012, mwezi mmoja tu baada ya treni yenu. Tuliyoipendea ni maegesho: unaacha gari, unapanda treni, unaikwepa foleni ya Mombasa Road. Lakini aliye kwa miguu pia ahesabiwe. Mama Vitenge, tembea kutoka kituoni hadi kwenye makazi ya watu ukiwa na taa ya simu, saa moja usiku. Mahali utakapoogopa, hapo ndipo taa inatakikana, si juu ya kibanda cha tiketi.

Kwa ile hadithi ya vidole vinne: treni za dizeli zilizozinduliwa hapa 2020 zilinunuliwa zikiwa zimetumika huko Mallorca, Hispania. Reli zilizokuwa zikipita huko pia ni ya mita moja, ndiyo maana ziliingia kwetu.

Mama Vitenge

Mzee Filimbi shikamoo tena. Wa London, wa Nairobi na wa Temeke, ahsanteni.

Nimefanya siku tano kama ulivyosema. Yule kijana wa kituo alinicheka siku ya kwanza, ya pili akawa ananihesabia yeye. Siku ya chini sekunde 48, siku ya mvua dakika moja na 35.

Kimo tumepima kwa utepe wangu wa dukani, ule wa kupimia kitenge, kutoka juu ya chuma. Tumepata tofauti na mchoro, karibu upana wa kiganja. Nimeandika.

Ila nimeona kitu ambacho hamkunitajia. Mabehewa ya nyuma yanaondoka na nafasi. Si tele, lakini zipo. Ya mbele mawili watu wananing'inia. Nikajiuliza kwa nini, mpaka siku ile ya mvua. Kivuli kilichopo sasa ni mwembe mmoja na kibati cha mama wa chapati, vyote viko upande wa mbele. Watu wanajikinga hapo, treni ikija wanaingia mlango ulio mbele yao. Kimbieni kwenye mchoro mpya: paa ni moja, refu, limebandikwa kwenye kibanda cha tiketi. Upande ule ule wa mwembe!

Nimempigia mhandisi simu. Nikamwambia paa hilo hilo, bati zile zile, lakini likatwe vipande vitatu, mbele, katikati na nyuma. Akanyamaza kidogo. Akauliza, "Mama, umesema sekunde ngapi?" Nikamsomea daftari. Jana alikuja dukani na mchoro, akaukunjua juu ya majora ya vitenge, akachora vipande vitatu kwa penseli. Kasema gharama ataangalia, nguzo zitaongezeka mbili tatu. Swali la kokoto nalo nilimuuliza.

Alikohoa.

Kikao ni Alhamisi.

Mzee Filimbi

Mwembe! Miaka yangu yote reli sikuwahi kuuandika mwembe kwenye ripoti.

Mama, ile karatasi yenye penseli umeipiga picha? Kama bado, mfuate leo hii kabla hajaipeleka ofisini. Na uulize kama vipande hivyo vitatu vitaingizwa kwenye BOQ, ile orodha ya kazi na bei zake, maana mkandarasi hajengi mchoro, anajenga alichoandikiwa bei.

Mama Vitenge

Nimeipiga, mzee, na kitenge kinaonekana chini yake. BOQ nimeiandika mkononi kwa kalamu nisisahau.