Picha za leya nyingi zinageuka uji nikizichapa kwa skrini, naomba ushauri

MchapaAmerikani

Wakuu, habari za humu. Nachapa vitambaa vya ukutani kwa skrini (fremu yenye wavu ambao wino unasukumwa kupita): amerikani nyeupe, wino wa maji, rangi tatu, kila rangi skrini yake. Kinachonivuta sasa ni zile picha za mti mmoja uliopigwa kwa kuzungukwa, kisha pande zote zikalazwa juu ya fremu moja. Shina limetulia, matawi yanatetemeka. Nataka mtetemo ule kwenye kitambaa.

Nilivyofanya: mbuyu, picha 24, kamera Nikon D7000, bila stendi. Nimezipanga kwenye GIMP (programu ya kuhariri picha), kila picha leya yake, kila leya opasiti (kiwango cha kufunika cha chini yake) asilimia 50. Nikatoa filamu tatu za nukta (picha imevunjwa kuwa nukta zilizopangwa kwa mistari), mistari 45 kwa inchi, wavu wa 43T. Matokeo:

1. Kwenye kompyuta tu mbuyu umekuwa moshi, na picha ya mwisho ndiyo inayoonekana.
2. Kitambaani rangi ya tatu imezimeza mbili za chini.
3. Kuna mawimbi kama ya bati ambayo kwenye filamu hayapo.

Nianzie wapi? Natanguliza shukrani.

LenziMbili

La kwanza ni hesabu. Leya ya juu ikiwa 50 imeshachukua nusu ya picha nzima, inayofuata robo, ya tatu thumni, na zile 21 za chini zinagombania thumni iliyobaki. Ukitaka zilingane, ya chini kabisa iwe 100, ya pili 50, ya tatu 33, ya nne 25, ya tano 20. Yaani 100 gawa kwa namba ya leya, ukihesabu kutoka chini. Geuza faili liwe la biti 16 kabla hujaanza (GIMP 2.10 na kuendelea inaweza), maana leya ya 24 itafika opasiti 4 hivi, na kwa biti 8 anga linakatika mikanda mikanda. Kama uvivu unakusumbua, ImageMagick (programu ya picha inayotumia amri za kuandika) inamaliza kwa amri moja:

magick *.jpg -evaluate-sequence mean mbuyu.tif

Ila hata ukisawazisha, 24 ni nyingi mno kwa skrini. Tawi lililokaa mahali fulani kwenye picha moja tu linapata sehemu moja ya 24, zilizobaki ni anga. Hapo lazima upate moshi. Piga 6 hadi 9.

Na upigaji wenyewe: funga utepe mweupe shinani usawa wa kifua, nukta ya katikati ya fokasi ikae juu ya utepe kila unapobonyeza. Umbali upime kwa kamba, lakini usiifunge ikakaza. Weka kitanzi kilegevu kinachoteleza kwenye shina, la sivyo kamba inajiviringisha na kila hatua inakuvuta karibu, mti unanenepa picha hadi picha. Zumu usiiguse. Mwanga weka kwa M (unaupanga mwenyewe), thamani moja mwanzo mwisho, na chagua siku ya mawingu. Ukiuzunguka mbuyu kwenye jua la saa kumi, nusu ya picha utakuwa umelipa jua mgongo na nusu unalitazama usoni.

Skwiji_na_Maji

Namba 2: bila shaka ulipunguza ukali wa rangi kwa kuongeza wino mweupe. Mweupe unafunika. Rangi hafifu yenye mweupe ndani ni sawa na rangi ya ukuta, chochote kilicho chini kinazikwa. Punguza kwa besi angavu isiyo na rangi. Anza na rangi nyepesi, wino 1 kwa besi 1. Ya pili 1 kwa 3. Ya mwisho, iliyokoza kuliko zote, 1 kwa 5. Jaribu kwenye kipande cha amerikani ileile, usijaribu kwenye karatasi.

Namba 3: 43T ni nyuzi 43 kwa sentimita, karibu 110 kwa inchi. Ukiweka mistari 45, kila nukta inapata nyuzi mbili na ushee tu za kushikia, kwa hiyo nyingine zinaning'inia na nyingine zinadondoka. Hayo ndiyo mawimbi yako. Unahitaji nyuzi 4 kwa kila mstari: shuka hadi 27. Itaonekana mbaya karibu, lakini kitambaa cha ukutani hakisomwi kwa pua. Pembe za nukta ziwe 22.5, 52.5 na 82.5. Kabla ya kupaka emalsheni (dawa ya mwanga inayoziba wavu pasipotakiwa wino), laza filamu juu ya wavu mkavu, elekeza dirishani, zungusha kidogo kidogo mpaka mawimbi yapotee, kisha piga alama ya kalamu kwenye fremu ya skrini.

Sasa kubwa kuliko yote. Kamera inajumlisha mwanga, wino unaupunguza. Kwenye picha ya kamera panapong'aa panashinda, kwenye amerikani panapokoza panashinda. Wewe unachanganya kwa sheria ya kamera halafu unachapa kwa sheria ya wino. Kwenye ile amri ya LenziMbili, weka min (inachukua palipokoza zaidi) badala ya mean (wastani): kila tawi linabaki na weusi wake wote, anga linabaki jeupe. Lakini picha tatu tatu tu, ukitia zote utapata dude jeusi. Chukua 9, gawa mafungu matatu, kila fungu liwe skrini moja na rangi moja. Kulaliana kutokee kitambaani, si kompyutani.

ChumbaCheusi

Naunga mkono hilo la min, ila nukta mimi nisingezitumia kabisa. Miaka ya 1880 mwanasayansi Mfaransa Étienne-Jules Marey, Paris, alimvalisha mtu nguo nyeusi zenye mistari myeupe mikononi na miguuni, akamtembeza mbele ya ukuta mweusi na kufungua lenzi mara kadhaa juu ya bamba moja la picha. Cheusi hakiongezi kitu kwenye bamba, kwa hiyo ilibaki mistari mitupu. Mchoraji Marcel Duchamp alipoipeleka hali hiyo kwenye turubai mwaka 1912 alirudia maumbo yenye kingo, hakupaka moshi. Geuza kila fungu liwe jeusi na jeupe tupu bila kijivu kwa kizingiti (kiwango kinachoamua kipi kiwe cheusi), kata vidoa vidogo, chapa rangi bapa. Mawimbi yanaisha kwa sababu nukta hazipo.

D7000 yako pia inachanganya yenyewe, picha 2 au 3. Anza na mtu au mti dhidi ya anga, anga liungue kabisa liwe jeupe. Pigo la pili: majani au ukuta wenye mikwaruzo. Mikwaruzo itatokea ndani ya kivuli tu, kwa sababu palipokwisha kuwa peupe hapawezi kuzidi. Kwako hapo peupe ni amerikani tupu, skrini imejikata yenyewe. Ile gain ya otomatiki (kamera kupunguza yenyewe mwanga wa kila pigo) izime kwa kazi hii, vinginevyo inagawa kila pigo kwa mbili na anga linarudi kijivu. Usichelewe kati ya mapigo. Ukikaa kama sekunde 30 inafunga hesabu.

MchapaAmerikani

Kweli niliongeza mweupe. Swali la mwisho: nikikausha kwa pasi kati ya rangi na rangi, kitambaa kinavuta na skrini hazikutani. Nifanyeje?

Skwiji_na_Maji

Fua amerikani kwa maji ya moto kabla ya yote, ile wanga itoke na ijivute mapema. Gundisha kitambaa mezani, usikibandue hadi rangi ya tatu. Kati ya rangi tumia feni, pasi iwe ya mwisho. Na ukisubiri, acha skrini imefunikwa wino, usiiache kavu, joto hili linaziba wavu dakika chache tu. Milimita mbili zikikwepa kwenye matawi hakuna atakayejua. Linda shina.