Umeme wa maji kutoka Bara: niandike sifuri kwenye hesabu ya gesijoto?

Hesabu_Nungwi
Assalaam alaykum wanajukwaa. Natayarisha hesabu ya gesijoto ya mwaka mzima kwa hoteli moja huku Nungwi. Dizeli ya jenereta na gesi ya jikoni nimeshamaliza, umebaki umeme wa ZECO, shirika la umeme la Zanzibar. Uongozi unataka hapo niandike sifuri. Hoja yao ni kwamba umeme unaovuka bahari siku hizi ni wa maji, hasa tangu Bwawa la Julius Nyerere lianze kufua umeme 2024, na maji hayana moshi. Lakini mabwawa nayo yanatoa methani, gesi inayopasha dunia joto kuliko hewa ukaa. Inatokaje, ni nyingi kiasi gani, na kwenye ripoti inakaa wapi?

Mtaalamu_wa_Maji
Wa alaykum salaam ndugu yangu. Sifuri usiiandike.

Bwawa likijazwa, maji hufunika miti, majani na udongo wenye mboji. Kila masika mto unaleta takataka mpya, na mwani unaota na kufa humo humo. Vyote huzama. Katika nchi za joto maji ya juu hupata jua na kubaki juu, ya chini ni mazito na hayachanganyiki nayo, kwa hivyo oksijeni ya chini huisha. Hapo kazi ya kuozesha inashikwa na vijidudu visivyohitaji oksijeni, na wanachotoa ni methani. Kwa kipimo cha miaka 100, tani moja ya methani ina nguvu ya tani 27 hadi 30 za hewa ukaa. Kwa miaka 20 inafika kama 80.

Sehemu yake huyeyuka kwenye maji na kupanda polepole, na njiani bakteria wa tabaka la juu huila, ikafika hewani kidogo. Viputo ndivyo vibaya zaidi, maana havingoji kuliwa. Penye kina cha mita chache kiputo kinafumka matopeni na kufika juu mara moja. Ndiyo maana kule Kariba, bwawa la mpakani mwa Zambia na Zimbabwe, viputo vingi vilipimwa kwenye midomo ya mito, panapotua matope mapya, si katikati ya ziwa.

Halafu kuna njia ambayo watu huisahau. Mlango wa maji yanayokwenda kwenye mashine ukiwekwa chini sana, unachota yale maji yasiyo na oksijeni, yaliyoshiba methani. Yakishatoka upande wa pili shinikizo linaanguka ghafla na gesi inafoka kama soda iliyofunguliwa. Petit Saut, kule Guyana ya Ufaransa, lilipoanza kujazwa 1994, methani iliyoshuka na maji ilimaliza oksijeni ya mto mpaka ikabidi wajenge kizingiti chini ya bwawa, maji yaporomoke yapate hewa. Mto ulipona, lakini methani ilikwenda angani.

Usisahau kingo pia. Maji yakishuka kiangazi majani huota juu ya matope, masika yakirudi yanafunikwa. Hicho ni chakula kipya cha vijidudu kila mwaka.

Uniti_kwa_Uniti
Naongeza upande wa namba. Hakuna namba moja ya "umeme wa maji". Katika jedwali la 2014 la IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, namba ya katikati ni gramu 24 za hewa ukaa kwa uniti moja, lakini ya juu kabisa ni 2,200. Gesi asilia ni 490 kwa katikati, makaa ya mawe 820.

Kinachotenganisha mabwawa ni eneo lililofunikwa ukilinganisha na umeme unaopatikana. Gawa megawati kwa kilomita za mraba. Kihansi ni megawati 180 kwa kibwawa cha hekta 26, yaani karibu 700, halina tatizo. Julius Nyerere ni megawati 2,115 kwa takriban kilomita za mraba 1,200, kama 1.8. Balbina ya Brazili ni megawati 250 kwa kilomita za mraba 2,360, kama 0.1, na lile limeshutumiwa kwa haki kuwa baya kuliko makaa ya mawe. Ule utaratibu wa Umoja wa Mataifa wa kuuza hati za kaboni uliyakataa mabwawa yaliyo chini ya 4, ukayatoza kilo 90 kwa megawati-saa yaliyo kati ya 4 na 10, na juu ya 10 ukayahesabia sifuri.

Sasa chukua bwawa la Mtera, lina zaidi ya miaka 20. Mwongozo wa IPCC wa 2019 unatoa karibu kilo 284 za methani kwa hekta kwa mwaka kwa mabwawa ya aina hiyo kwenye ukanda wa joto na ukavu. Hekta 60,000 zinakupa tani 17,040. Ongeza asilimia 9 ya inayotoka chini ya bwawa, zidisha kwa 28 (ile nguvu ya methani ya miaka 100): kama tani 520,000 za hewa ukaa. Mtera (megawati 80) na Kidatu (204) wanatumia maji hayo hayo, jumla megawati 284 (hizi 284 mbili zimegongana kwa bahati tu). Zikifanya kazi nusu ya uwezo wake kwa mwaka, unapata kama gramu 418 kwa uniti. Hapo umeshaukaribia umeme wa gesi.

Ila hicho ni kiwango cha jumla, hakikupimwa Mtera kwenyewe, na eneo la maji hupanda na kushuka. Pia haijatolewa methani ambayo mabonde ya mto yangetoa hata bila bwawa. Usiinukuu kama kipimo.

Hesabu_Nungwi
Shukran sana. Tawi letu la Pemba wanadai wao wanapata umeme wa vituo vya maji vya Hale na Pangani peke yake kwa kuwa waya unatokea Tanga. Je, wahesabiwe tofauti?

Laini_132
Hapana. Waya wa Pemba unatoka Tanga na wa Unguja unatoka Ras Kiromoni hadi Fumba, lakini vyote viwili vimefungwa kwenye gridi moja ya taifa, yenye maji na gesi asilia pamoja. Huwezi kujichagulia mashine kwa sababu iko karibu.

Kwenye ripoti fanya hivi. Fungu la pili (umeme wa kununua): uniti za mita zidisha kwa kiwango cha gridi ya Tanzania, yaani hewa ukaa kwa kila uniti, cha mwaka huo huo, si cha mwaka uliopita wala cha dunia. Umeme unaopotea njiani uweke fungu la tatu (gesijoto nyingine zinazotoka nje ya hoteli kwa ajili yake). Viwango vingi vya gridi vinahesabu maji kuwa sifuri, kwa hiyo methani ya mabwawa iandike mstari wa pembeni, kwa jina lake, pamoja na njia uliyotumia. Ukiichanganya ndani ya fungu la pili, mkaguzi hataweza kulinganisha miaka, na kiwango kikija kurekebishwa utaihesabu mara mbili.

Mtaalamu_wa_Maji
Na mtu akikuletea namba "iliyopimwa", muulize imepimwa wapi na saa ngapi. Viputo hunaswa kwa faneli iliyopinduliwa chini ya maji, chupa juu yake, ikaachwa saa 24 au zaidi. Faneli moja katikati ya kina kirefu, mchana tu, itakupa karibu na bure. Wapime pia maji ya juu na chini ya mashine siku ile ile, na ya chini yachotwe kwa chupa inayofungwa huko huko kilindini. Yakipandishwa kwa ndoo wazi, gesi imeshatoka kabla hayajafika mashuani.